Mmoja Katika Mia Mbili

"Simu ni yangu," alisema Bi Sifuri, akaisukuma juu ya meza mpaka ikagonga bati la vifaa upande wa pili.

Fundi aliichukua, akaigeuza, akakaa kimya. Kilikuwa kimya cha mtu anayesoma.

"Pole, dada," alisema hatimaye. "Hapa nyuma kuna kibandiko. Kimeandikwa: Mali ya Hospitali, Hairuhusiwi Kuchezewa. Herufi kubwa kabisa, na mhuri juu yake."

Masikio ya Bi Sifuri yalipata moto. Kibandiko hicho alikuwa amekipapasa tangu Jumatatu akidhani ni bei ya dukani. Mwenye macho haambiwi tazama, sawa, lakini asiye nayo alistahili walau kuambiwa kabla hajaenda kusema uongo mchana kweupe. Nyuma yake, mdogo wake aliyemsindikiza alikohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

"Ulikiona?" Bi Sifuri alimgeukia.

"Nilikiona, dada. Sikujua kama utasema ni yako."

"Basi ni ya hospitali, na mimi pia ni wa hospitali." Aliirudia meza. "Unaweza kuifungua au huwezi?"

Fundi huyo watu walimwita Mzee Pole. Hakuwa mzee, sauti yake ilikuwa ya mtu wa miaka thelathini hivi, lakini alikuwa na tabia ya kutanguliza pole kabla ya habari yoyote, mbaya au nzuri, kama mtu anayebisha hodi. "Pole, kuweza naweza," alisema. "Swali ni kama utaipenda ikishafunguka. Kaa kwanza."

Bi Sifuri hakutaka kukaa. Wiki nzima hakuwa ameweza kukaa. Chakula alikula amesimama, nguo alikunja akitembea, na usingizi wenyewe aliupata kwa vipande.

Jina la Sifuri alipewa na hospitali nzima. Ukitaka kumpata mtu yeyote mle ndani na hujui namba yake, unapiga sifuri, na sifuri ni yeye. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye kibanda karibu na lango, mbele ya swichibodi yenye vitufe sitini, akivijua kwa vidole kama ulimi unavyoyajua meno. Kitufe cha dharura alikidondoshea nta tone moja, cha wodi ya wazazi matone mawili. Simu ikilia anasema, "Hospitali, nikusaidie?" na mpigaji akifika neno la tatu tayari ameshaunganishwa. Sekunde nne. Alijivunia hizo sekunde nne waziwazi wala hakuona haya. Watu walisema Bi Sifuri anajua unakokwenda kabla hujafungua mdomo, naye hakuwahi kukanusha.

Sasa swichibodi ilikuwa imekufa, vipuri vyake havitengenezwi tena popote, na katibu wa hospitali alimletea simu hii ya kioo. Orodha ya wodi imo ndani, unagusa, inaunganisha, na kwa asiyeona kuna sauti inayosoma kilichoko kwenye kioo. Katibu alikuwa mtu mwema na aliileta kwa moyo mweupe. Tatizo lilikuwa hiyo sauti. Ilitamka kila jina polepole, kama mgeni aliyejifunza lugha juzi kwa barua, na ikimaliza jina inaongeza: "Kitufe. Gusa mara mbili ili kuchagua." Kila jina, kila mara. Mwendo wake ulikuwa umefungwa humo ndani, huongezi wala hupunguzi. Katibu aliwaandikia waliouza simu. Wakajibu kwamba mpangilio ni mmoja kwa wote, kwa ajili ya usalama, na wakamshukuru kwa maoni yake.

Kwa sauti hiyo, kumuunganisha mtu mmoja kulichukua sekunde ishirini na mbili. Asubuhi ya kwanza ya mazoezi watu kumi na mmoja walikata simu wakiwa mikononi mwake. Alizisikia zikikatika, na kila moja ilimchoma.

"Jumatatu naanza kupimwa," alimwambia fundi. "Siku tano. Wastani ukizidi sekunde kumi wanaweka mashine ya kujibu. Bonyeza moja, bonyeza mbili. Na mimi napelekwa stoo kukunja bandeji."

"Kukunja bandeji si kazi mbaya," mdogo wake alisema.

"Nenda ukakunje wewe."

Mzee Pole alivuta kiti. "Nikueleze bila kukuficha. Simu hii ina mlinzi ndani. Kazi yake ni moja, kuhakikisha kila asubuhi simu inaamka vilevile ilivyolala. Haongezi kitu, hapunguzi kitu. Nikimtoa, nitakuwekea programu nyingine, iliyoandikwa na watu tu kama sisi, huko na huko, kwa kupenda kwao. Sauti ya Kiswahili safi wanayo. Mwendo unaotaka wewe. Hata orodha tutaipanga upya, wodi unazozihitaji zaidi zije juu. Itakuwa simu yako kweli, kibandiko kiseme kinavyotaka."

"Lakini?"

"Pole. Lakini hao watu hawajamwahidi mtu chochote. Mara mojamoja sauti inaweza kunyamaza. Simu ni nzima, ila haisemi, na orodha inahama mahali pake. Hapo unaizima, unaiwasha. Na ikiwaka haitasema mpaka uweke namba ya siri, kwa hiyo utaiweka kwa kupapasa, kwenye ububu."

"Mara mojamoja ndiyo mara ngapi?"

"Hapo ndipo sijui."

"Na akitaka kurudi alikotoka?" mdogo mtu aliuliza.

"Kuifunga tena kunawezekana. Kukienda mrama, inabaki tofali, haiwaki tena."

Bi Sifuri alisikia neno tofali, akasikia na neno bandeji ambalo hakuna aliyelitaja tena. "Mtoe huyo mlinzi," alisema.

Kazi ilichukua saa moja na nusu, naye aliisimamia yote. Alisikia waya ukichomekwa, kibodi ya kompyuta ikigongwa, fundi akijisemea. Kisha Mzee Pole alimwekea simu mkononi. Humo ndani kulikuwa na swali la mwisho, alisema: unakubali vyote vilivyomo vifutwe na dhamana ife? Hatua hiyo haikuwa na sauti ya aina yoyote, wala nzuri wala mbaya. "Kitufe cha pembeni chini mara moja, halafu cha kuwashia. Ubonyeze mwenyewe, dada. Mimi kwenye simu yenye mhuri sibonyezi."

Alibonyeza. Simu ilitetemeka mkononi mwake, ikafa, na kwa dakika kadhaa hapakuwa na kitu ila redio ya jirani na fundi akipakia programu mpya na orodha ya wodi. Halafu sauti ya kike, ya haraka na isiyo na madaha, kama ya jirani anayeita juu ya ua, ikasema: "Wodi ya wazazi. Dharura. Maabara. Watoto."

Hapo ndipo alipokaa. Alitafuta kiti kwa mkono, akakaa, akaisikiliza tena, kisha akaiongezea mwendo mpaka mdogo wake akasema hasikii neno hata moja. Bi Sifuri alisikia yote. Alitaka kulia na akaona upuuzi kulia mbele ya fundi, basi akamuuliza jambo jingine.

"Hiki kioo kinawaka?"

"Kinawaka."

"Kizime. Moja kwa moja. Mimi sikihitaji, na sitaki mtu asome juu ya bega langu."

"Pole, dada. Ukikizima kabisa, siku sauti ikinyamaza hata mwenye macho hataweza kukusaidia. Ataona giza kama unaloliona wewe."

"Ndivyo ninavyotaka," alisema Bi Sifuri, na alimaanisha. Miaka kumi na tisa watu walikuwa wakiingiza mikono mbele yake kumsaidia kitu ambacho alikuwa anakimaliza.

*

Mdogo wake alikuwa mshonaji, na mwisho wa wiki ule cherehani haikupumzika wala yeye. Alikaa chumba cha mbele akishona sare za shule huku simu yake ya mkononi imebanwa kati ya sikio na bega, na Bi Sifuri chumba cha nyuma, na mlango umefungwa ili wasisikiane kwa ukuta. Mdogo mtu anapiga, anasema neno moja, maabara, wazazi, dharura, na dada mtu anaunganisha kwa majaribio tu, bila simu kufika wodini. Kila simu aliiandika kwa nundu za wasioona kwenye kibao chake. Sekunde tano. Nne. Nne. Sita. Nne.

"Dada, haraka haraka haina baraka," mdogo alisema baada ya simu ya themanini. "Shingo yangu imepinda."

"Hayo mwambie anayezaa. Piga."

Kwenye simu ya mia moja thelathini na saba, Bi Sifuri aligusa kioo na hakikusema. Aligusa tena. Alikipapasa chote, kona mpaka kona. Kwenye sikio lake mdogo wake alikuwa bado yupo hewani, cherehani ikilia nyuma yake. "Dada? Mimi bado nipo. Nimesema maabara." Bi Sifuri alizima, akawasha, akaingiza namba ya siri kwa vidole peke yake. Ilichukua dakika mbili kasoro. Mdogo wake alikatika hapohapo alipozima.

Waliendelea mpaka mia mbili. Haikunyamaza tena.

"Mmoja katika mia mbili," mdogo wake alisema jioni, akijikanda shingo. "Hiyo ni nzuri, au?"

"Kwa siku napokea simu ngapi?"

Mdogo wake aliacha kujikanda.

"Mia mbili," Bi Sifuri alisema. "Mia mbili na kitu. Kwa hiyo ni mmoja kwa siku."

Alianza kutembea. Chumba chao kilikuwa hatua sita kutoka dirishani hadi mlangoni, naye alizitembea na kurudi, akigusa kitasa, akigusa dirisha. Ile sauti ya zamani isingemnyamazia hata mara moja, hilo alikuwa na hakika nalo. Ingesoma orodha yake mpaka kiama. Lakini watu kumi na mmoja walikuwa wamekata asubuhi moja tu. Kumi na mmoja, na huku ni mmoja. Hesabu ya mtoto wa chekechea, na bado haikutulia kichwani.

"Wale kumi na mmoja walichoka wakakata wenyewe," alisema. "Wanaweza kupiga tena. Huyu mmoja nitamkata mimi."

"Naye si atapiga tena?"

"Kama ni mtu wa kuulizia miwani aliyoisahau, atapiga tena."

"Na kama si huyo?"

Bi Sifuri aligusa kitasa. Ukweli aliokuwa nao moyoni hakumwambia mdogo wake. Ukweli ni kwamba, hata wagonjwa wangekuwa salama wote kwa sauti ile ya polepole, yeye asingeweza kuivumilia. Haikuwa huruma peke yake iliyompeleka kwa fundi. Alitaka zile sekunde nne zake.

"Maji ukiyavulia nguo yaoge, dada," mdogo wake alisema, akazima cherehani.

*

Alioga. Jumatatu katibu alikuja na saa yake ya mkononi, akakaa kwenye kiti cha wageni, akapima. Jumanne mpaka Alhamisi alimtuma karani. Sekunde nne, tano, nne. Karani alisema hajawahi kuona vidole vinavyokwenda namna hiyo, naye Bi Sifuri akajifanya hajasikia ili lisemwe tena.

Lakini mmoja wa kila siku alikuja, kama alivyohesabiwa, kila mara baada ya mpimaji kuondoka. Jumatatu alikuwa kweli mtu wa miwani, akapiga tena baada ya robo saa, akafoka, mambo yakaisha. Jumanne sauti ilinyamaza mwanamke akiwa amesema neno moja tu, "Samahani." Bi Sifuri alizima na kuwasha haraka kuliko alivyowahi, akasubiri sauti hiyo irudi. Haikurudi. Alisubiri siku nzima, kila simu akidhani ni yeye, na usiku akawa anaigeuzageuza ile samahani: ilikuwa ya mtu mwenye haya, au ya mtu mwenye maumivu? Jumatano na Alhamisi walikatika wengine wawili, na wote wawili walirudi. Yule wa Jumanne alibaki hajarudi, na Bi Sifuri akaanza kuhema kila anaponyoosha kidole kwenye kioo.

Ijumaa katibu alikuja mwenyewe saa nne, akafunga daftari lake. "Mama, umenishinda," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Wastani wa wiki ni sekunde tano. Nakwenda kuandika barua sasa hivi. Mashine ya kujibu waipeleke kwingine."

"Asante, baba," alisema Bi Sifuri. Alipaswa kufurahi. Viatu vya katibu viliondoka vikigonga sakafu kwa uchangamfu, naye akabaki anapangusa kiganja kwenye sketi.

Simu ililia. "Hospitali, nikusaidie?"

"Naomba watu wa kuzalisha." Ilikuwa sauti ya mwanamume mzee, ya chini, kama ya mtu anayeogopa kusikiwa. "Mwanangu, chaji yangu inakwisha. Kuna mtu anazaa huku nyumbani, na mtoto anakuja sasa."

"Subiri kidogo, baba." Kidole chake kilishuka kwenye kioo, juu kabisa, mahali pa wazazi.

Kimya.

Aligusa tena. Akagusa mahali pa dharura. Akatelezesha vidole viwili, vitatu, kiganja kizima. Kioo kilikuwa kioo tu.

Dole gumba lilikwisha kufika kwenye kitufe cha kuzimia, kwa mazoea. Zima, washa, dakika mbili kasoro. Alilizuia palepale.

"Baba, nikikukata unaweza kupiga tena?"

"Sidhani. Inalia kila mara kwamba inazima."

"Uko na nani?"

"Peke yangu. Majirani wamekwenda kutafuta gari. Mimi ni baba mkwe wake." Mzee alishusha sauti zaidi. "Nimesimama huku nje ya mlango."

Simu ya Bi Sifuri mwenyewe ilikuwa mkobani, lakini namba za wodi hazipigiki kutoka nje. Swichibodi ilikwisha kung'olewa, ukutani zilibaki skrubu. Bi Sifuri alisimama. Fimbo mkono wa kulia, simu sikioni mkono wa kushoto, akasukuma mlango wa kibanda kwa goti.

"Usikate, baba. Nakupeleka mwenyewe."

Nje ya mlango ndipo alipotambua kwamba hajui njia. Wodi ya wazazi ilihamishiwa jengo jipya miaka mingi iliyopita, naye alijua namba yake na matone yake mawili ya nta, alijua sauti ya sista mkuu, alijua hata siku ambazo sista huyo ana mafua. Mahali penyewe hakupajua. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepeleka maelfu ya watu huko bila kuinuka kitini.

Fimbo yake iligonga ndoo. "Wazazi ni wapi?" aliuliza.

"Nyoosha, halafu kata pale," alijibu mwanamke aliyekuwa akipiga deki.

"Pale wapi?"

"Pale ninapo…" Ufagio uliegemezwa ukutani. "Samahani, mama. Njoo." Mkono uliolowa ulimshika kiwiko, wakaondoka kwa mwendo wa karibu kukimbia. Baada ya hatua chache mfagizi akasema, "Lakini mama, simu yako mbona imezimika? Ni giza tupu."

"Haijazimika. Kuna mtu humo."

Aliyekuwa humo alikuwa akihema. Nyuma yake palisikika kilio cha mwanamke, kirefu, kisha kikakatika.

"Ananiita," mzee alisema. "Tangu aolewe hajawahi kuniita kwa sauti. Heshima, unajua. Sasa anapiga kelele, baba, baba."

"Anataka nini?"

"Anataka niingie."

"Ingia."

"Mwanangu, wewe ni nesi?"

Njia ilianza kupanda. Mfagizi alisema ngazi, na Bi Sifuri akanyanyua mguu juu zaidi ya ilivyohitajika. Angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa fupi, na mzee angelitii.

"Hapana, baba. Mimi ni wa simu tu. Nesi yuko mbele yangu, namfuata. Lakini wewe ingia, umshike mkono. Hilo halihitaji nesi."

Alisikia mzee akivua viatu. Kwa sababu gani alivua viatu wakati huo, Mungu ndiye anayejua, lakini alisikia kimoja, kisha kingine, kisha mlango ukilia kwenye bawaba. Katikati ya ngazi, ndani ya sikio lake, kitu kikalia: tiiit. Akasimama ghafla hata mfagizi akamgonga. Haikuwa chaji ya mzee. Ilikuwa simu nyingine inayosubiri kupokelewa, mtu mwingine aliyepiga sifuri. Alipofika juu ya ngazi ikalia tena.

Mlango wa kusukuma, joto, harufu ya dawa ya sakafu, mtoto mchanga akilia mbali na mwingine akimjibu.

"Sifuri?" Ilikuwa sauti ya sista mkuu, lakini ilitoka chini kuliko alivyotarajia. Miaka yote alikuwa amemdhania mwanamke mrefu. "Wewe unafanya nini huku?"

"Chukua." Alinyoosha simu mbele, akaisikia ikipokelewa. "Baba mkwe, yuko peke yake na anayezaa, chaji inaisha. Usiguse kitu chochote. Sikiliza tu na useme."

Sista hakuuliza la pili. "Baba, mimi ndiye nesi," alisema, na sauti ikawa ile anayoijua Bi Sifuri, kavu na pana. "Niambie unaona nini. Hapana, usiangalie pembeni. Mwangalie. Unaona nini?"

Bi Sifuri alibaki na mkono uliokuwa na simu, sasa mtupu, na hakujua auweke wapi. Alisogea karibu. Sista alimvuta begani na kuiondoa simu kidogo sikioni, wakagusana vichwa, wanawake wawili juu ya kioo cheusi.

"Kichwa," sauti ya mzee ilisema, ndogo. "Naona nywele."

"Vizuri. Usivute. Weka mikono yote miwili chini, upokee tu. Una kitambaa safi?"

"Nina shati langu."

"Vua."

Tiiit.

Viatu vya katibu vilipanda ngazi, bila uchangamfu safari hii. "Mama," alisema akiwa mlangoni, akihema. "Kibandani hakuna mtu. Watu wanapiga."

"Najua. Nawasikia."

"Basi hamisha hiyo, upokee nyingine. Kitufe si kipo?"

"Haihamishiki. Haisemi." Katibu, alidhani, alikuwa na ile barua mkononi. Karatasi ilikuwa ikipapatika. "Niliifungua, baba. Nilimpelekea fundi, akaitoa ile sauti yenu na kila kitu. Ilikuwa inakwenda vizuri. Mara moja kwa siku inanyamaza, na mimi nilijua."

"Ulijua?"

"Nilihesabu."

Karatasi iliacha kupapatika. Katibu alivuta hewa ili aseme, na Bi Sifuri akajiandaa kulipokea lolote litakalokuja, lakini sista alisema "Shh!" na wodi yote ikanyamaza, hata mfagizi aliyesimama na mikono yake iliyolowa.

"Baba?" sista alisema. "Baba, upo? Niambie."

Hakuna aliyejibu. Sista aliisukuma simu karibu zaidi na sikio la Bi Sifuri, kana kwamba yeye ndiye angeweza kusikia zaidi. Palisikika kitu kizito kikiwekwa sakafuni. Palisikika maji yakimwagika. Tiiit, mpigaji mwingine, na baada yake, karibu sana na simu, mtu alivuta pumzi, na Bi Sifuri hakujua kama ni mzee, au mkwewe, au mwingine aliyefika duniani sasa hivi.